Msikiti Mkuu wa Kilwa ni urithi wa Mtanzania wa Mbeya pia

Mwulize mwanafunzi wa sekondari katika mkoa huu wa Mbeya ni nani aliyejenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mara nyingi atakujibu kwa neno moja tu: Waarabu. Mwulize tena jengo hilo linamhusu nini yeye, mtoto wa Rungwe au wa Mbarali, naye atakujibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa Pwani, au ni mambo ya Waislamu. Majibu hayo mawili hayakuzuka yenyewe kichwani mwa mtoto. Yalipandwa na vitabu vya enzi ya ukoloni, yakamwagiliwa na uvivu wa fikra, na hadi leo yangali yakivunwa katika madarasa yetu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili si sahihi, na kwamba wenye wajibu wa kwanza wa kuyasahihisha ni walimu na watumishi wa umma, wakiwemo wale wanaofanya kazi huku milimani, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba miongoni mwa makosa yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Msikiti wa Kilwa ni mfano ulio wazi wa kosa hilo. Hapa hatukuambiwa kwamba hatukuwa na kitu. Kitu kipo, kimesimama, kinaonekana kwa macho. Tuliambiwa kwamba si chetu.

Jengo lenyewe

Kabla ya kubishana juu ya mwenye jengo, yafaa tulifahamu jengo lenyewe. Msikiti Mkuu uko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Kilwa Kisiwani, katika mkoa wa Lindi, karibu na ufuko unaotazamana na bara. Haukujengwa mara moja. Sehemu yake ya kaskazini, ambayo ndiyo kongwe, ilianzishwa katika karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa ukumbi mdogo wenye dari bapa, uliobebwa na nguzo tisa zilizopangwa safu tatu, hata nafasi ya ndani ikagawanyika miraba 16. Ukutani upo mhirabu unaoonyesha kibla. Mnara haukuwako, maana misikiti ya kale ya Pwani yetu kwa kawaida haikujengewa mnara.

Mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa ilikuwa imetajirika mno. Dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za Zimbabwe ilipitia bandari ya Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi, aliongeza upande wa kusini wa msikiti ukumbi uliokuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa awali. Kando yake kikajengwa chumba chenye kuba kubwa, ambacho wataalamu wanaamini kilikuwa mahali pa sultani kusalia. Kuba hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote katika Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Sultani huyo ndiye aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane.

Ukumbi ule mpya haukudumu. Ulianguka katika karne hiyo hiyo ya 14, ukabaki gofu kwa miaka mingi. Ulijengwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad. Safari hii mafundi walitumia nguzo za pembe nane, matao, kuba ndogo ndogo na madari ya mviringo mfano wa nusu pipa, wakaifunika nafasi ya miraba 30. Hayo ndiyo tunayoyaona leo. Sehemu kongwe haina paa tena, bali sehemu kubwa ya kuba na matao ya kusini ingali imesimama baada ya miaka ipatayo 600.

Tulitafakari jambo hilo la kujenga upya. Jengo lililotegemea utajiri na amri ya mtawala mmoja lilianguka. Kizazi kilichofuata hakikulikimbia gofu lile. Kilijifunza kutokana na kuanguka kwake, kikabadili namna ya kujenga, kikalisimamisha tena. Ufundi wa kuazima ukiharibika hungoja mwenyewe arudi kuutengeneza. Watu wa Kilwa hawakumngoja mtu.

Mawe, chokaa na boriti

Sasa tuulize: jengo hilo lilijengwa kwa nini, na kwa mikono ya nani?

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa katika ardhi ya kisiwa chenyewe. Kwa kazi ya nakshi, kama vile mhirabu na vizingiti vya milango, mafundi walizamia baharini wakakata matumbawe mabichi, ambayo huwa laini na huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa magumu. Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa. Nayo chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo ya kuni, kuyapakia mawe ya matumbawe juu yake, na kuyachoma hata yakawa unga mweupe, ambao ulirowekwa na kuachwa uive kabla ya kutumika. Mwananchi wa Mbeya aliyewahi kuona mawe ya Songwe yakichomwa kuwa chokaa hatapata taabu kuielewa kazi hiyo.

Dari bapa zilibebwa na boriti za mikoko iliyokatwa katika maingilio ya bahari ya jirani. Hapo ndipo panapoonekana siri moja ya nyumba zote za kale za Pwani. Boriti ya mkoko ina urefu wake na nguvu zake. Ukiipitisha kiasi, itapinda. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa virefu na vyembamba, vyenye upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu. Atakaye ukumbi mpana ilimlazimu aongeze nguzo, au aache boriti na kuingia katika matao na kuba. Historia nzima ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, tangu nguzo tisa hadi miraba 30, ni historia ya fundi anayepambana na kikomo cha boriti ya mkoko. Mti wa nchi hii ndio uliomwekea mashariti, naye fundi akatafuta njia ya kuyashinda.

Mawe ni ya hapa, chokaa ni ya hapa, boriti ni za hapa. Waliozamia, waliochoma, waliobeba na waliojenga waliishi hapa. Kwa nini basi tukaambiwa kwamba jengo ni la wageni?

Hadithi ya Washirazi na ukweli wake

Zipo Habari za Kilwa, maandishi ya kale yanayosimulia asili ya mji huo. Sehemu yake ilichapwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, na nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London. Maandishi hayo yanasema kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mtawala wa Shiraz katika Uajemi, alifika kisiwani akakinunua kwa mwenyeji wake kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Wanahistoria wa kikoloni waliishika habari hiyo wakaitangaza kuwa ndiyo ukweli mtupu: mgeni mwerevu alikuja na ustaarabu, mwenyeji akapokea nguo. Kwa watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kututawala, hadithi hiyo ilifaa sana. Hata mtaalamu Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kwa bidii kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliuita mji huo katika jina la kitabu chake mji wa biashara wa Kiislamu, na aliiona Pwani zaidi kama kazi ya walioingia kutoka ng'ambo.

Mchezo huo haukuchezwa Kilwa peke yake. Kule Zimbabwe, walowezi walishikilia kwamba kuta kubwa za mawe zilijengwa na Wafoinike au na watu wa Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver, na mwaka 1929 Bi. Gertrude Caton-Thompson, walithibitisha kwa ufukuzi kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Hata hivyo utawala wa Rhodesia uliendelea kuuficha ukweli huo hadi uhuru wa mwaka 1980. Anayetaka kuchukua ardhi ya mtu huanza kwa kumnyang'anya historia yake.

Tangu hapo elimu imesonga mbele. Ufukuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, ulionyesha kwamba msikiti wa kwanza wa mahali hapo, katika karne ya 8, ulikuwa kijengo kidogo cha miti. Ulijengwa tena na tena papo hapo, kizazi baada ya kizazi, hata ukafikia kuwa wa mawe. Maana yake ni kwamba ufundi wa mawe haukushuka melini siku moja ukiwa umekamilika. Ulikua hapa hapa, hatua kwa hatua. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye ameonyesha kwa vyungu na vyuma vilivyofukuliwa kwamba miji ya Waswahili ilichipuka kutoka kwa jamii za wakulima na wahunzi wa nchi hii, ambao walikuwa jamaa na watu wa bara.

Mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi mwingine, wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika makaburi ya kale ya Pwani, Kilwa ikiwamo. Miongoni mwa walioufanya alikuwemo mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Uchunguzi huo umesema jambo ambalo hatuna budi kulikubali kwa uaminifu, hata kama halimpendezi kila mtu: wanaume kutoka Uajemi walifika kweli na kuzaa na watu wa Pwani tangu miaka ipatayo 1000 baada ya Kristo. Lakini umesema pia kwamba mama za watu hao, kwa sehemu kubwa kabisa, walikuwa Waafrika. Baba alikuja kwa jahazi. Mama alikuwa mwenyeji. Na mtoto alizungumza lugha gani? Alizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, jamaa ya Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe na Kibena. Mgeni ndiye aliyemezwa na nyumba aliyoolea.

Aidha tunaye shahidi aliyefika kwa miguu yake. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Tangier katika Moroko, alitua Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwenyewe. Aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Kuhusu wakazi wake aliandika kwamba wengi wao walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Hao ndio waliosali katika msikiti tunaoambiwa kuwa ni wa Waarabu.

Tujifunze kwa Wahispania

Kwao Ibn Battuta yako majengo ambayo dunia nzima inayaheshimu. Wamoro, yaani Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na wa Hispania, walijenga misikiti ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya usanifu wa majengo. Ulio mashuhuri zaidi ni Msikiti Mkuu wa Córdoba, ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mnamo mwaka 785 na kupanuliwa na waliomfuata kwa muda wa miaka 200. Kama ule wa Kilwa, nao ulianza kwa ukumbi wa nguzo ukaongezwa mara kwa mara kadiri mji ulivyokua.

Yako mambo mawili kuhusu Córdoba ambayo kila mwalimu wa historia angepaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba nyingi katika nguzo zake za awali zilitolewa katika magofu ya Warumi na ya wengine waliotangulia. Lakini hakuna msomi anayesema kwamba msikiti wa Córdoba ulijengwa na Warumi. Inakubaliwa kwamba Mmoro alichukua nguzo ya mwingine akajengea jambo lake, na sifa ikabaki yake. Kwa nini kanuni hiyo hiyo isitumike Kilwa? Ikiwa fundi wa Kilwa aliona umbo la kuba kutoka ng'ambo akalijenga kwa matumbawe na chokaa ya kisiwani, kwa nini sifa imwendee aliyeonwa na isimwendee aliyejenga?

La pili ni kwamba tangu mwaka 1236 msikiti wa Córdoba umekuwa kanisa kuu la Wakatoliki. Hispania ni nchi yenye Wakristo wengi, na iliwahi kupigana na Wamoro kwa karne nyingi. Hata hivyo Mhispania wa leo hasemi kwamba matao yale hayamhusu kwa kuwa yeye si Mwislamu. Huyatunza, huwafundisha watoto wake, na huwaonyesha wageni akijivuna kwamba ni urithi wa taifa lake. Ikiwa Mhispania ameweza hivyo baada ya vita vya karne nyingi, itakuwaje Mtanzania ashindwe, ambaye hajapigana na jirani yake wa Kilwa kwa ajili ya dini hata siku moja? Taifa letu halina dini. Raia wake ndio wenye dini. Lakini taifa lina urithi, na urithi huo haugawanywi kwa kadi ya uumini. Vivyo hivyo, mwananchi wa Kilwa ana haki na wajibu wa kujivunia makanisa ya kale ya wamisionari huku Rungwe, kwa kuwa yalijengwa na mafundi na wachukuzi wa nchi yake.

Tusiufiche upande wenye kiza

Watakuwapo watakaonena kwamba mwandishi anawapamba masultani. La hasha. Historia inayofaa kwa taifa la wafanyakazi na wakulima ni ile inayosema yote. Huyo huyo Ibn Battuta aliyeusifu mji anaeleza kwamba sultani wa Kilwa alikuwa akivamia nchi ya Wazanji bara na kurudi na nyara. Utajiri uliojenga kuba kubwa haukutoka mbinguni. Yalikuwako matabaka: waliokula katika sahani za kauri kutoka Uchina, na waliobeba mawe. Majina ya waliobeba mawe hayakuandikwa popote.

Nasi watu wa nyanda za juu tunalo kovu letu. Katika karne ya 18 na ya 19, misafara kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilishuka hadi Kilwa ikiwa na watu waliofungwa minyororo. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Baadaye soko kuu likawa Kilwa Kivinje, upande wa bara. Kwa hiyo mzee wa Kyela asikiapo jina la Kilwa akakunja uso, hana kosa. Lakini yatupasa tutenganishe mambo. Wakati wa mkataba wa Morice, msikiti ule ulikuwa umekwisha kuwa na miaka mingi mno, na Kilwa ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuvunjwa na Wareno. Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu mwaka 1502. Francisco de Almeida akauvamia na kuupora mji mwaka 1505. Dhahabu ile ya kodi ilipelekwa Lisbon ikafuliwa chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506, nacho kinatazamwa huko katika jumba la makumbusho hadi leo. Wareno wana chombo. Sisi tunao ukuta. Walau ukuta huo tuujue.

Tena, Kilwa na nyanda za juu haziunganishwi na mnyororo peke yake. Mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, wananchi waling'oa pamba ya Mjerumani na kuanzisha Vita vya Maji Maji. Moto huo ulivuka Mahenge ukafika Ungoni na Ubena. Waliopigana hawakuulizana ni nani wa Pwani na nani wa bara, wala nani anasali wapi. Huo ndio urithi mwingine uliotoka upande wa Kilwa, na damu ya watu wa Njombe imo ndani yake.

Kazi iliyo mbele yetu

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko, mvua ikilainisha chokaa, mizizi ya miti ikipasua kuta. Kazi ya kuyaokoa ilifanywa kwa msaada wa nchi rafiki, zikiwemo Ufaransa na Japani, lakini haikufaulu kwa fedha za nje peke yake. Wanavijiji wa kisiwani walifundishwa ufundi wa kurekebisha kuta kwa chokaa, na mikoko ikapandwa ili izuie mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ya hatari. Mkoko uliotoa boriti za dari zamani ndio unaolinda ukuta sasa, na mikono inayoukanda ukuta huo ni ya wenyeji. Hapo tunaona maana halisi ya kujitegemea.

Lakini bahari haikuacha kuchafuka mwaka 2014. Jengo la namna hiyo huokolewa kila mwaka au hupotea. Nchi inayotegemea mapato yake yenyewe itakubali kutenga fedha kwa ajili ya ukuta wa kale pale tu ambapo wananchi wake wanaamini kwamba ukuta huo ni wao. Ndiyo sababu hatima ya Msikiti wa Kilwa inaamuliwa pia katika darasa la Vwawa, la Makete na la Mafinga.

Walimu wanayo nafasi ambayo hawakuwa nayo hapo awali. Kwa miaka mingi mtoto wa sekondari alisoma habari za Kilwa kwa Kiingereza, akakariri majina ya masultani ili ajibu mtihani, kisha akayasahau. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, lugha ile ile waliyoisema mafundi wa Kilwa. Somo hilo lisigeuzwe kuwa orodha nyingine ya tarehe. Mwalimu anaweza kuchora ubaoni ukumbi wa nguzo tisa akawauliza wanafunzi: ukiwa na boriti za mita tatu, utafunikaje ukumbi wa mita 12? Wataigundua historia ya Kilwa kwa akili zao wenyewe, na somo la hisabati litakuwa limefundishwa papo hapo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia jambo la namna hiyo.

Mwalimu huyo huyo akimaliza Kilwa asiishie hapo. Awapeleke wanafunzi Isimila karibu na Iringa, penye zana za mawe za watu wa kale kabisa. Awapeleke Kalenga, lilikowekwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Awapeleke Mbozi kwenye kimondo. Mtoto aliyezoea kuheshimu urithi ulio mlangoni pake ataelewa kwa nini auheshimu ulio mbali.

Watumishi wa umma nao wasidhani kwamba hayo ni ya walimu tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda mahali pa kale popote nchini. Ofisa anayeidhinisha barabara, shimo la kokoto au kiwanja bila ya kuuliza kuna nini pale chini, huenda akafuta kwa kalamu moja kitu kilichoishinda mvua ya miaka 500. Halmashauri zinazopanga ziara za mafunzo zikumbuke kwamba Kilwa ni Tanzania. Mara nyingi tumewaona viongozi wakisafiri mbali kwenda kujifunza namna wengine wanavyotunza mji wa kale, ilhali hawajapata kukanyaga Kilwa Kisiwani.

Hatudai kwamba masultani wa Kilwa walikuwa wajamaa, wala hatudai kwamba hakuna mgeni aliyepata kutia mguu katika Pwani yetu. Tunadai haki moja tu ya kihistoria: sifa ya kazi imrudie aliyeifanya. Aliyezamia matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyekata mkoko, aliyesimamisha nguzo ya pembe nane na kuifunga kuba juu yake, alikuwa mtu wa nchi hii, na lugha yake ndiyo tunayoisema. Siku ambayo mtoto wa Mbeya ataulizwa nani alijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, akajibu bila kusita kwamba ni babu zetu, akaweza kueleza walivyojenga na gharama waliyolipa wanyonge wa zama zile, siku hiyo tutakuwa tumeing'oa kasumba moja kubwa. Kazi hiyo yaweza kuanza katika kipindi cha kwanza cha Jumatatu ijayo.